Sikio la Kushoto la Apolline

Kila asubuhi kabla ya shule, Apolline aliteka maji kwenye chemchemi ya kijiji chao, karibu na Kabambare. Siku moja Octave, mwanafunzi mwenzake, alitaka kumpita kwenye mstari. Apolline akaipiga teke ndoo ya Octave. Octave akamzaba kofi la sikio la kushoto, na palepale sikio likaziba, likabaki kuvuma tu.

"Atanilipa," Apolline alisema moyoni.

Baba yake, Zéphirin, alimpeleka zahanati kwa muganga André. Muganga akachungulia, akaona ngoma ya sikio imechanika kidogo. Kisha akagonga chuma chenye meno mawili, kikalia, akakisimamisha kwenye mfupa nyuma ya sikio.

"Unasikia?"

Apolline alisikia vizuri. Lakini kofi lile lilikuwa bado linamchoma. "Sisikii kitu," akajibu.

Muganga alirudia, akapata jibu lilelile. "Mzee," akamwambia Zéphirin, "ngoma hupona. Lakini asiposikia hata kwa mfupa, basi ubovu umeingia ndani kabisa. Tumaini ni dogo."

Zéphirin alikwenda moja kwa moja kwa padri wa shule. Ikaamuliwa Octave afukuzwe mwisho wa mwezi. Apolline alipata habari hiyo akitwanga mihogo, akazidi kutwanga kama anayemtwanga Octave mwenyewe.

Mvumo sikioni ukapungua polepole. Hakumwambia mtu.

Jioni moja Octave alikuja, akasimama kushoto kwake. "Unisamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Mama iko analia."

Apolline akageuka kabla hajajizuia.

"Kumbe unasikia," Octave alisema. "Lakini nikisema, nani ataniamini?" Akaondoka.

Apolline alikuwa bado anamchukia. Hata hivyo usingizi ulimpaa, na asubuhi akamweleza baba yake yote. Zéphirin alimrudisha zahanati.

"Hata siku ile nilisikia chuma," Apolline alimwambia muganga. "Nilitaka afukuzwe."

Muganga akapima tena, akachungulia tena. "Basi ndani hamna ubovu. Usiingize maji sikioni. Ngoma imeanza kuziba. Kabla ya mavuno ya pamba utasikia kama zamani."

Zéphirin alimweleza padri ukweli, na Octave hakufukuzwa. Padri alimwadhibu kuchota maji ya shule muhula mzima.

"Mwanangu," muganga alikuwa amemwambia Apolline kabla hawajaondoka zahanati, "mimi siwezi kusikia kwa sikio lako. Nategemea kinywa chako. Aliyekupiga mshtaki kwa kofi alilopiga, usimwongezee la pili asilopiga."