Ekari ya Kwanza ya Milembe

Kwa Milembe, siku huanza na ng'ombe. Kabla ya chai, kabla hata ya kunawa uso, huwa yuko zizini akiwafunga nira maksai wake wawili, Kijivu na Polisi.

Mwaka jana kazi hii ilikuwa ya mumewe, Nyanda. Kisha Nyanda akaanguka kutoka juu ya paa alipokuwa akiezeka, akavunjika mguu. Tangu siku hiyo akawa anatembea kwa fimbo. Pale kijijini kwao, kata ya Nkoma, watu walisema shamba la Nyanda halitalimwa mwaka huu. Milembe aliingia zizini, akaanza kuwafundisha Kijivu na Polisi, maksai wapya, kuvuta plau.

Polisi alikuwa mvivu wa kupindukia. Kila alipoiona nira alilala chini, ungedhani analipwa kwa kulala. Plau ilimwangusha Milembe mara tatu. Viganja vyake vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine.

Alhamisi moja ya mwisho wa Novemba, alimaliza mstari wa mwisho. Ekari nzima, na plau ameishika mwenyewe. Moyo ulimdunda kwa furaha. Alikimbia nyumbani na matope yake miguuni.

"Baba Precious, nimemaliza ekari."

Nyanda alikuwa ameketi kivulini, anapukuchua mahindi, fimbo iko kando yake.

"Vizuri," alisema. "Zimebaki mbili."

"Basi, ndiyo hivyo tu?"

"Ulitaka nini, Mama Precious? Sherehe ni ng'ombe achinjwe, ukoo uje. Sisi ng'ombe wa kuchinja hatuna. Tukivuna pamba ndipo tutafurahi."

Nyanda hakuwa mtu mbaya. Baba yake alimlea hivyo, na babu yake alimlea baba yake hivyo hivyo. Lakini Milembe alihisi nguvu zote zimemwisha. Sasa ndipo malengelenge yalipoanza kumuuma.

"Kesho shemeji Ngassa aje awachukue maksai," alisema. "Alime yeye zilizobaki. Mimi nimechoka."

Hakuwa anatania. Na wote wawili walimjua Ngassa. Angeanza na mashamba yake, na mvua ya kupandia ingepita.

Mchana pikipiki ilisimama uani. Alikuwa Felisita, bibi shamba wa kata, amekuja na kamba ya kupimia mistari ya pamba.

"Mwadila, mayu," alimsalimu Milembe kwa Kisukuma. "Nimepita shambani kwenu. Nani amelima ekari ile?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Na Polisi na Kijivu."

Felisita alicheka hadi akashika kiuno. "Hongera sana. Mmeshangiliaje?"

Nyanda akaeleza habari ya ng'ombe.

"Baba, ng'ombe mwache kwa harusi," alisema Felisita akivuta kigoda. "Mtu ajiulize: leo naweza nini ambacho mwezi uliopita sikuweza? Akilipata jambo hilo, alitaje mbele ya watu wake. Amshukuru aliyemsaidia. Kisha mfurahi pamoja kwa kile kilichopo nyumbani. Ukingoja mpaka mavuno, unaweza kukata tamaa njiani."

"Na kama jambo lenyewe ni dogo?" Nyanda aliuliza, sauti iko chini.

"Dogo kwa nani? Ni lako, jirani hawezi kukupimia. Mimi siku niliyoendesha pikipiki kutoka Bariadi hadi huku bila kuanguka, nilijinunulia soda nikainywa barabarani, nimesimama. Watu walinishangaa. Soda ilikuwa tamu hata hivyo."

Milembe alicheka. Precious, binti yao wa miaka kumi, alikuwa ameshaingia jikoni. "Mama, michembe ipo. Karanga pia zipo."

Wakachemsha vile viazi vikavu na karanga, wakaketi mkekani. Milembe akasimama.

"Leo nimelima ekari nzima. Mwezi uliopita sikujua hata kufunga nira. Precious alinishikia kamba kila jioni. Wabeja, asante sana mwanangu. Na Polisi naye ameacha kulala."

Precious akapiga vigelegele, Felisita akampiga Milembe picha kwa simu. Milembe alijiona mrefu kuliko asubuhi. Ndipo Nyanda akakohoa.

"Na mimi ninalo langu," alisema. "Jumanne nilikwenda kisimani bila fimbo. Nikarudi."

Milembe alimtazama, machozi yakamlengalenga. "Mbona hukuniambia?"

"Niliona aibu, mtu mzima kujisifu kwa kutembea." Nyanda akainamia bakuli lake. "Nilikuwa nangoja ng'ombe."

Safari hii vigelegele vilipigwa na Milembe mwenyewe.

Kesho yake asubuhi hakuna aliyetumwa kwa Ngassa. Milembe alisimama na plau mwanzo wa ekari ya pili. Ili mstari wa kwanza unyooke, lazima pawe na alama upande wa pili. Nyanda akavuka shamba polepole, akaichomeka fimbo yake kule mwisho. Kisha akarudi urefu wote wa shamba, mikono mitupu, akichechemea na kutabasamu.

"Lenga pale, Mama Precious," alisema, akashika kamba ya maksai.

Kabla ya wiki iliyofuata kwisha, ekari zote tatu zilikuwa na mbegu. Fimbo ilibaki kule mwisho wa shamba. Hakuna aliyekumbuka kwenda kuichukua.