Pumzi za Mke wa Injinia

Kilichoanza ni taa. Kwenye kioo cha kompyuta, penye kipimo cha sauti, taa ya kijani iliruka mara moja mahali ambapo hapakuwa na sauti yoyote. Mwenye studio akaangalia, akabofya, akaangalia tena, kisha akaulaumu umeme. Ndivyo walivyo watu wa aina yake: kosa ni la umeme, la kebo, la mwimbaji, la mvua. Lao, hata siku moja.

Alijiita Injinia. Hakuna chuo kilichompa jina hilo. Alikuwa na vyeti viwili vya kozi za mtandaoni, amevitundika kati ya trei za mayai alizopigilia ukutani kuzuia mwangwi, na kimoja bado kilikuwa na neno SAMPULI limekipita katikati. Studio yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma nyumbani kwake, godoro dirishani, feni imezimwa isije ikaingia kwenye rekodi. Mwimbaji alikuwa mkewe.

Mwanamke yule alikuwa na sauti ya kukufanya usimamishe kijiko njiani. Injinia, kwa masikio yake ya dhahabu, alisema ina uchafu. Uchafu wenyewe ni pumzi. Kila pale mkewe alipovuta hewa kabla ya mstari, yeye aliikuza sehemu ile kwenye kioo, akaizungushia kipanya, akaifuta. Albamu nzima, nyimbo kumi na mbili, pumzi mia mbili na kumi na moja. Halafu akahifadhi kazi juu ya faili za mwanzo, bila nakala, kwa sababu nakala ni za watu wanaokosea.

"Mama, sikiliza," alimwambia mama mkwe wake, aliyekuwa akikaa nao. "Kompyuta haijui sauti. Inaikata vipande elfu arobaini na nne kwa sekunde moja, kila kipande inakipa namba. Nikifuta, namba inakuwa sifuri. Sifuri tupu! Hata kaburini hakuna kimya kama hiki."

"Na wasikilizaji wako wamekuomba kaburi?" mama mkwe akauliza.

Injinia akatabasamu, lile tabasamu la kumhurumia mjinga.

Kesho yake alicheza wimbo wa kwanza kwa sauti ya juu. Mkewe alikuwa jikoni akimenya viazi. Mstari wa kwanza ulipoisha, kisu kikamponyoka. Alisimama mdomo wazi, mkono kooni, kifua hakipandi wala hakishuki, mpaka mstari wa pili ulipoingia ndipo hewa ikamrudia. Injinia alidhani anamwigizia. Siku ya tatu haikuhitajika tena wimbo kuchezwa. Angekuwa anafua, anaongea, amekaa tu, na hewa ingekatika kana kwamba mtu amefunga bomba, kila mara kwa muda mrefu zaidi. Na studio ikaanza kunuka kama nyumba iliyofungwa miaka mingi.

Jumamosi mchana mkewe alimfuata humo, ameshika ukuta.

"Mume wangu," alinong'ona, "nani anakaa humu?"

"Hakuna mtu. Ni hitilafu ndogo ya mfumo."

"Anavuta hewa yangu. Namsikia."

Injinia alifungua mdomo atoe somo, akaona kinanda. Kinanda chake hakikuwa na sauti yake chenyewe. Kilituma amri tu kwenye kompyuta, kitufe gani, kimebonyezwa kwa nguvu gani, kimeachiwa lini, na kompyuta ndiyo iliyotoa mlio. Kebo yake alikuwa ameichomoa tangu asubuhi, imeviringishwa kwenye msumari, na vitufe vyote vilikuwa vimelala, lakini kwenye kioo amri zilikuwa zinaingia moja baada ya nyingine, kitufe kilekile, kimebonyezwa, kimeachiwa, kimebonyezwa, kimeachiwa, polepole, kwa mwendo wa mtu aliyelala usingizi mzuri, na kwenye spika kukawa na mlio mzito unaopanda na kushuka, na kila ulipopanda kifua cha mkewe kilibonyea ndani, mpaka midomo ikaanza kugeuka rangi na Injinia, bingwa wa mifumo, akapiga kelele akimwita mama mkwe wake kama mtoto aliyeona nyoka.

Mama mkwe hakuja peke yake. Alikuwa ameshamwita mganga, bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Bibi alivaa spika za masikioni, akasikiliza wimbo mmoja, akazivua haraka.

"Majini wanapenda mahame, makazi yaliyohamwa na watu," alisema kwa sauti ya chini. "Kimya cha kawaida kina watu ndani yake, kiti kinalia, jirani anakohoa. Chako hakina kitu. Umejenga mahame mia mbili na kumi na moja ndani ya kifua cha huyu binti, nao wamehamia."

"Tufanye nini, bibi?" mama mkwe akauliza.

"Mumewe azirudishe. Pumzi zake binti mwenyewe, alizovuta kabla ya haya. Kila shimo na pumzi yake. Leo."

Mama mkwe akatoa simu. Ilikuwa na jumbe za sauti za bintiye za miaka mitatu.

"Humu anacheka, analia, anapanda ngazi akinisalimia. Chukua, baba."

Hapo ndipo ungeona kiburi kilivyo sugu. Mkewe yuko sakafuni anatapatapa, na mwanamume yule anakunja pua. "Sauti ya simu hiyo? Imebanwa mpaka imebaki makapi. Siweki takataka kwenye albamu yangu."

Akawatoa nje, akatafuta, akapata pumzi moja tu iliyosalimika, kwenye faili ya kujaribu kipaza sauti. Safi, imejaa. Akainakili, akaibandika mara mia mbili na kumi na moja. Nusu saa, kazi kwisha.

Taa zikatulia. Harufu ikaondoka. Mkewe akavuta hewa, na Injinia akatoka kifua mbele.

Aliyegundua ni mama mkwe. Binti alipanda ngazi na ndoo mbili za maji, akafika juu akipumua kama mtu aliyeketi. Siku ilipokuja simu kwamba shangazi yake amefariki, machozi yalimtiririka lakini kwikwi haikuja. Ni pumzi ileile, urefu uleule, mkato uleule. Mama akamkumbatia, sikio likawa karibu na mdomo wake, na mwisho wa kila pumzi akasikia kitu kidogo, kwa mbali, kama kiko nyuma ya mlango. Msonyo wa mwanamume.

Aliujua ni wa nani. Injinia naye alipotega sikio aliujua, akapauka. Siku ile ya majaribio mkewe alichelewa kuanza, naye akamsonya, na kipaza sauti kikachukua vyote. Akakimbilia studio. Alikuwa ameshahifadhi juu ya faili, bila nakala, na ile "leo" ya bibi ilikuwa imeshapita.

Mama akaangua kilio.

"Nyamaza, mama," binti akasema, akavuta hewa, na msonyo ukapita katikati ya meno yake. "Huo nilishauzoea."