Jina la Mamba Kiwete

—Babu, sijamwambia mtu.

—Basi jina limetokaje? Nilikupa wewe peke yako. Hata bibi yako huyu, niliyelala naye miaka arobaini na sita, sikumwambia.

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na liliniuma, ila haikuwa zamu yangu kuumwa. Nilikuwa na mwiko mkononi, supu ya sankocho inachemka kwenye kuni, na ua wetu pale mtaani Rebolo umejaa majirani. Mume wangu Eudaldo alikuwa amezima muziki ghafla. Kwetu Barranquilla, ukizima pikó Jumamosi alasiri, watu huuliza nani amekufa.

Kitendawili nawapa, jibu mtalikuta njiani: nikiwa na mmoja nalala, nikiwa na wawili nakaa, nikiwa na watatu natembea mjini.

Siku ile mjukuu wangu Nayibe alikuwa anazindua jukwaa lake la mtandaoni. Aliliita Lebo Tupu. Ni mahali ambapo wapenzi wa muziki wetu na maprofesa wanaousoma wangekutana, wabishane, waulizane, bila mmoja kumwona mwenzake mshamba. Saa nane tulikata utepe mbele ya kompyuta, kama watu wanaofungua zahanati. Saa tisa walikuwa wameshajiandikisha watu mia nne, wengine wako Kinshasa, wengine Paris.

Jina la jukwaa lina sababu. Mume wangu ana pikó, yale maspika makubwa kuliko mlango, yaliyopakwa rangi. Lake linaitwa Pelikano. Wenye mapikó wana desturi moja: santuri ikishafika kutoka Afrika, lebo yake inakwanguliwa kwa sarafu mpaka jina life. Halafu inapewa jina la nyumbani. Ya kwetu inaitwa Mamba Kiwete, kwa kuwa gitaa lake linachechemea. Hakuna pikó nyingine yenye wimbo ule, kwa sababu hakuna anayejua aulizie nini. Jina likitoka, mpinzani anatafuta yake, na mamba wako anakuwa mjusi wa kila ukuta.

Jina la kweli Eudaldo alimpa Nayibe siku alipotimiza miaka sabini. Na siku ile ya uzinduzi, baada ya supu, alipanga kutangaza kwamba Pelikano itarithiwa naye. Mwanamke wa kwanza mtaani kwetu kurithi pikó.

Ndipo simu ya Eudaldo ikalia. Alikuwa Rosendo, mpinzani wake wa tangu ujana, na ujumbe wake niliusoma mimi kwa sauti:

"Kaka yangu, mamba wako amepata kitambulisho. Kiko kwenye jukwaa la mjukuu wako. Nimeshaanza kumtafuta, mwezi ujao atacheza kwangu."

—Umesikia? —Eudaldo akamwambia Nayibe. —Nilikuwa na la kusema leo. Sasa sina.

—Babu, mimi nilikuwa getini napokea wageni. Hata hicho kilichoandikwa sijakiona.

Efraín akamshika bega. Efraín ndiye mchumba wake, kijana wa Bogotá, mwalimu wa chuo kikuu, anaandika kitabu juu ya mapikó. Harusi ilikuwa Desemba. Alikula kwangu miaka miwili, na mimi nilimpenda, nisiseme uongo. Mtu anayelamba sahani yangu ananipata.

—Don Eudaldo, usimlaumu —akasema kwa upole. —Siri haina mlango mmoja. Pengine wewe mwenyewe ulisema, ukiwa na glasi mbili tatu.

—Mimi nikilewa nalia, kijana. Sisemi.

Nayibe akafungua simu yake. Akasoma. Akarudi juu, akasoma tena. Nilidhani atalia. Badala yake alitulia, ule utulivu wa maziwa kabla hayajafoka.

—Nani ameandika? —nikamuuliza.

—Mtu anajiita Sikio la Mtaa, Bibi.

Kisha akamgeukia Efraín na kumpa simu.

—Babu hana miwani. Msomee, mpenzi.

—Mbele ya watu wote hawa?

—Wameshasoma mia nne. Ua wetu utaongeza nini?

Efraín akasafisha koo. Ana sauti nzuri, ya darasani.

—"Baada ya utafiti wa miaka miwili nathibitisha kwamba wimbo unaoitwa hapa Mamba Kiwete ulirekodiwa na bendi ya Bana Mirla, mjini Pointe-Noire, mwaka 1979. Nimezungumza na mpiga gitaa mwenyewe, ambaye sasa ni mzee kipofu, naye akalia alipousikia..."

—Bendi gani? —Eudaldo akamkatiza.

—Bana Mirla, Don Eudaldo.

Mume wangu akakaa taratibu juu ya kreti la bia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeambiwa nyumba inaungua, akafika akakuta inaungua ya jirani.

—Bibi —Nayibe akaniita—, Mirla alikuwa nani?

—Mirla? Mbuzi wangu. Yule aliyekula shela ya ubatizo wako.

—Alikuwa anapiga gitaa?

—Alikuwa anapiga kelele tu, mwanangu.

Ua mzima ukacheka. Efraín naye akaanza kucheka, halafu kicheko kikamfia mdomoni, kwa sababu Nayibe hakuwa anacheka.

—Mwezi wa pili —akasema—, pale kwenye benchi la mtoni. Ulikuwa umeniuliza mara ya saba. Uliniambia, "Nayibe, tutaoana, tutalala kitanda kimoja, na kati yetu alale mamba?" Nikataka kukwambia. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni Bana Mirla. Jina hilo halipo duniani, Efraín. Nililitunga pale pale, na nilikupa wewe tu.

Kuni zikapasuka chini ya chungu.

—Kwa hiyo ulinidanganya —akasema Efraín. —Mwanamke ninayetaka kumuoa alinitazama machoni akanipa jina la mbuzi.

—Nilikudanganya. Damu ya Babu ilinitangulia mdomoni. Na tangu siku ile kila ukinibusu naona aibu.

—Basi tumelipana.

—Bado.

Akatia mkono mfuko wa gauni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

—La kweli liko humu. Nililiandika jana. Nilitaka nikupe leo baada ya supu, nikuombe msamaha.

Nimeishi miaka mingi na nimeona wanaume wengi wakikamatwa. Mwingine huangalia chini, mwingine humwangalia mwanamke. Efraín aliiangalia karatasi. Nayibe aliyafuata macho yake mpaka yalipokwenda, na hapo ndipo harusi ilipokufa, si kwenye simu.

—Sema kwa nini —akamwambia. —Sema tu nielewe.

—Sikutaka kukuumiza. Nilikuahidi sitaliandika kitabuni. Lakini likishatolewa jukwaani na mtu asiyejulikana, ningeweza kuandika kwamba nimelisoma pale, kama wasomaji wengine. Ahadi yangu kwako ingebaki nzima.

—Na lawama ya Babu?

—Ingepita. Yeye anakupenda.

—Kwa hiyo upendo wa babu yangu ulishaupigia hesabu. Na yule mzee kipofu aliyelia?

Efraín akavua miwani, akaifuta kwa shati.

—Utafiti unahitaji shahidi, Nayibe.

Nayibe akanisogelea pale kwenye chungu, akainama kana kwamba anachochea moto, na karatasi ikaingia kwenye kuni. Haikuchukua muda. Karatasi haina ugumu wa mbuzi.

—Nenda Bogotá —akasema bila kugeuka. —Nguo zako Bibi atazituma kwa basi.

Akaenda. Hakuna aliyemzuia, wala kumtukana. Jirani mmoja alimfungulia geti tu.

Halafu Eudaldo akauliza swali nililokuwa naliogopa.

—Ulitaka kumpa? La kweli?

—Ndiyo, Babu.

—Leo?

—Leo. Baada ya supu.

Mume wangu alibaki juu ya kreti, mikono magotini. Siku ile hakutangaza urithi wowote, na mimi sikumlaumu. Mtoto alikuwa amesalitiwa, lakini babu naye alikuwa amebakiza bakuli moja la supu tu asalitiwe. Mwishowe akainuka, akaitoa santuri kwenye mfuko wake, ile yenye lebo tupu, akamnyooshea na kitambaa.

—Ifute. Ina vumbi.

Miaka yote hiyo hajawahi kumpa mtu kuishika. Nayibe akaifuta kwa duara, taratibu, machozi yakidondoka pembeni ili yasiiguse. Jibu la kitendawili changu ni siri, na mnaona wenyewe: ilifika kwa wawili, ikanyanyua mguu iende kwa wa tatu, ikarudi kukaa.

Jukwaani Nayibe hakufuta kitu. Aliandika chini ya maneno ya Sikio la Mtaa:

"Karibuni Lebo Tupu. Mada yetu ya kwanza ni ya uongo, na mwongo wa kwanza ni mimi. Bana Mirla ni mbuzi wa bibi yangu. Nililitunga jina hilo nikampa mtu mmoja niliyempenda. Mji, mwaka na mpiga gitaa kipofu aliongeza mwenyewe. Sasa tuanze upya."

Rosendo alikuwa wa kwanza kujibu: "Na mimi nimeshaandika barua Pointe-Noire." Kisha maprofesa na wapenzi wa muziki wakaanza kubishana wote kwa pamoja, na wanabishana mpaka leo.

Tulipokuwa tunakula, simu ya Nayibe ikatikisika mezani. Alinisogezea.

—Soma wewe, Bibi. Kama anaomba msamaha, nisomee. Kama haombi, usinisomee.

Nikasoma kimoyomoyo:

"Nayibe, najua umekasirika. Niambie tu jina la kweli, angalau nirekebishe kabla kitabu hakijachapwa."

—Anasemaje?

—Kula, mwanangu. Supu inapoa.

Eudaldo akashusha sindano, na Mamba Kiwete akaanza kuchechemea uani. Mimi nikavaa miwani, nikatafuta herufi moja moja kwa kidole, nikamjibu yule kijana kwa niaba ya nyumba nzima:

"Muulize Mirla."