Feni Isiyokoroma

Jumamosi hiyo duka la vipuri vya kompyuta lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, watu wakisukumana mbele ya kaunta kama wanaogawiwa vya bure. Dada aliyeuza vifaa vya kupoza mashine, ambaye wenzake walimbandika jina la Bi Baridi kwa sababu ya kazi hiyo, alikuwa amevaa gauni la manjano chini ya koti la kazi la buluu, na miguu ilikuwa inamuuma. Mwanamume mmoja mrefu, mwenye shati jeupe lililokunjwa mikono, akamwekea mbele boksi kubwa na kusema anachukua kipoza joto hicho.

"Kasha la kompyuta yako lina upana gani?" Bi Baridi akauliza.

Hakujua. Alikichagua kwa kuwa ndicho kikubwa kuliko vyote. Bi Baridi akamweleza kwamba prosesa, ubongo wa kompyuta, ikipewa kazi nzito huchemka kama sufuria, na kipoza joto ndicho kinachoipunguzia moto. Lakini hicho alichoshika kilikuwa kirefu kama mnara, na pengine ubavu wa kasha usingefunga. Yule bwana akasema yeye ni mhariri wa filamu, anafanyia kazi nyumbani, na kompyuta yake hupiga kelele usiombe.

"Nitafutie isiyokoroma," akasema. "Mimi mwenyewe sikoromi, kwa nini nivumilie feni?"

"Hilo la kutokoroma tutalijuaje sisi?"

Wakacheka wote wawili. Mhariri akaenda nyumbani kupima, akarudi duka likikaribia kufungwa, vipimo ameviandika kiganjani. Bi Baridi akamchagulia kipoza joto kifupi chenye feni pana inayozunguka taratibu, akampa na namba yake ya simu, endapo kungetokea tatizo.

Tatizo halikutokea, lakini simu ilipigwa. Mara ya kwanza ilikuwa kumwarifu kwamba joto limeshuka na feni haisikiki. Mara zilizofuata joto halikutajwa. Mhariri alianza kumwita Baridi Yangu, naye akamwita Mheshimiwa Asiyekoroma. Wakawa wanakutana kwenye mgahawa jirani na duka, wakinywa juisi polepole ili isiishe. Bi Baridi alijiona amepata, ingawa kuna kitu kilimkera: mhariri hakuwahi kumwambia karibu nyumbani. Miaka ya nyuma alimpenda mwanamume mwingine aliyemficha hivyo hivyo, kumbe alikuwa na mke. Na aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.

Jioni moja mhariri alipiga simu akilalamika kwamba filamu anayoishughulikia ni nzito, kompyuta inakwama kila mara. Bi Baridi akamwambia aiongezee memori, vijiti viwili vya aina moja. Alikuwa anataka kumtahadharisha kwamba feni imeinamia nafasi za kuchomekea memori, hivyo achague vijiti vifupi, mara akasikia sauti ya kike, laini, nyuma ya mhariri.

"Mume wangu, utaongea na simu mpaka lini? Njoo unigeuze."

Bi Baridi akakata simu.

Mhariri alipiga tena na tena, Bi Baridi hakupokea. Dada yake, waliyekuwa wakiishi pamoja, akamshauri amuulize mtu mwenyewe, kwani kuuliza si ujinga. Akajibu kwamba hana haja ya kwenda kuomba uongo.

Siku chache baadaye, asubuhi duka likiwa tulivu, mhariri akaingia amekumbatia kompyuta yake ndani ya shuka. Ilikuwa imegoma kuwaka. Bi Baridi hakumsalimu, ila mteja hafukuzwi, akaifungua. Hakuhitaji kutafuta sana. Mhariri alikuwa amenunua vijiti virefu duka jingine, na feni ikakikandamiza kimoja hata kikakaa upande. Akalegeza waya zinazoshika feni, akaipandisha kidogo. Akakichomoa kijiti, akalinganisha pengo lake na kinundu cha nafasi yake, akakibonyeza ncha zote mbili hadi vibano vikalia ta. Akawasha. Skrini ikang'aa, na memori yote ikasomeka.

"Mkeo atafurahi," akasema bila kumtazama.

"Mke gani?"

"Anayekuita mume wangu."

Mhariri akashika kaunta kwa kicheko. "Huyo ni bibi yangu, mzaa mama. Ameniita hivyo tangu sijaota meno."

Bi Baridi akaona aibu mpaka masikioni. Nani asiyejua utani wa bibi na mjukuu? Lakini mhariri naye kicheko kilimwishia. Akamweleza kwamba bibi alipooza, na chumba chake ndicho anachofanyia kazi, ili awe karibu. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa na mchumba, aliyemtaka achague kati yake na bibi. Tangu hapo akawa anaogopa kumkaribisha mtu.

"Sikukuficha kwa ubaya," akasema. "Niliogopa na wewe utaondoka."

"Ungeniuliza kwanza."

"Na wewe ungepokea simu."

Jumapili Bi Baridi akaenda, amevaa gauni la zambarau alilopigiwa pasi na dada yake. Kitanda kilikuwa dirishani, kompyuta hatua chache kando, kimya kabisa. Bibi akamkagua juu mpaka chini, akamuuliza kama anajua kumgeuza mgonjwa. Akasema hajui, afundishwe. Bibi akamfundisha: mkono mmoja begani, mwingine nyongani, kisha vuta taratibu. Alipokwisha kugeuzwa, akafumba macho.

Kisha mhariri akasogeza kiti, akamshika mkono Bi Baridi na kumnong'oneza kwamba anataka kuja kwao na wazee wake, lakini bibi yake hatamhamisha.

"Nani kasema ahame?" Bi Baridi akanong'ona. "Waambie waje."

"Semeni kwa sauti," bibi akasema, macho bado ameyafumba. "Hapo mwisho sikusikia."

Bi Baridi akainama karibu na mto wake.

"Nimesema waje, bibi."