Barua Mbili za Himid

"Kanyamaza! Alhamdulillahi, kanyamaza!" Bi Mwanamwema alisema, mkono tayari uko mdomoni kwa kigelegele. "Kimya cha mwari ni ridhaa. Nakwenda kumwambia babaako."

"Ngoja, shangazi."

"Ningoje nini tena?"

"Kimya hiki si hicho."

Mkono wa Bi Mwanamwema ukashuka taratibu. Mbele yao, juu ya mkeka, ilikuwapo barua ya posa ya Himid, imekuja Jumapili kwenye bahasha ya kijani iliyofungwa kwa leso ya hariri. Wazee wa Himid waliahidiwa jawabu Ijumaa baada ya sala. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Tahiya, miaka minne mnapendana, mji mzima unajua. Hata ile ajali haikuwatenganisha. Leo kaleta wazee, weye wanambia kimya hiki si hicho?"

"Nipe mpaka Ijumaa. Nakuomba."

"Haya. Lakini ukimpoteza Himid usije kulilia kwenye kanga yangu!"

Sasa nyie mnaosoma, msimhukumu mapema. Tahiya ana duka la steshenari mtaa wa Mlandege, anachapa na kutoa kopi. Vyeti vya watu, talaka za watu, vyote vinapita mikononi mwake na hasomi hata mstari. Mwenyewe husema, "Mie natazama wino tu." Lakini asubuhi ya Jumanne hiyo Himid, ambaye ni fundi wa mashine hospitalini, alimtumia amchapie barua ya kuombea chuo, masta ya uhandisi tiba huko bara. Karatasi ilipotoka kwenye mashine, Tahiya akaliona jina lake. Nani angeacha kusoma?

*Nimechagua mchepuo wa viungo bandia kwa sababu ya mchumba wangu Tahiya, aliyepoteza mguu wa kushoto katika ajali niliyoisababisha mimi. Sitopumzika mpaka nimrejeshee alichopoteza.*

Ajali yenyewe ilitokea miaka miwili nyuma, pale Tunguu. Himid anaendesha Vespa, Tahiya kakaa nyuma, ng'ombe akakatiza barabara. Tahiya akakatwa mguu chini ya goti. Hakumlaumu Himid hata siku moja. Sasa anavaa mguu wa bandia, duka anafungua saa mbili, na ngazi za nyumba yao ya Mji Mkongwe anazipanda mara nne kwa siku.

Ile barua ilimuuma. Akajiuliza: kama masta anaisoma ili alipe kosa, na posa je?

Jumatano mchana akafunga duka, akaenda hospitali bila kupiga simu. Wakamwelekeza wodi ya watoto njiti. Kupitia kioo cha mlango ulioachwa wazi kidogo akamwona Himid kapiga magoti mbele ya kitanda cha joto kitupu, kakifungua tumbo, bisibisi mkononi.

"Wee bibi," Himid alikuwa akikiambia kile kitanda, "jana nimekupa feni mpya, leo umenuna. Unataka na hina?"

Muuguzi akacheka. Himid akagusa waya mmoja, taa ya kijani ikawaka, naye akacheka mpaka gego la mwisho likaonekana. Tahiya pale nje akashikwa na wivu. Wivu wa mashine, jamani!

Himid alipotoka na kumwona, uso ukabadilika.

"Tahiya! Mbona hukunambia nikufuate? Ngoja nikuletee kiti. Panauma?"

"Hapaumi."

Akaleta kiti hivyo hivyo, akainama kuutazama mguu.

"Himid, wacha mguu. Nitazame mie. Nimeisoma barua yako."

"Nlidhani husomi karatasi za watu."

"Jina langu si la watu."

Himid akakaa chini sakafuni. "Nlidhani ukijua utafurahi."

"Nifurahi kwa kuandikwa kama hasara?"

"Si hivyo! Kila nnapokuona unapanda ngazi naisikia ile breki. Wallahi naisikia. Sasa ntengeneze nini mie duniani kama si mguu wako?"

"Mguu wangu una fundi wake, na kazi anaijua. Kile kitanda kina nani?"

Himid akageuza shingo kuelekea wodini.

"Zamani ulikuwa ukinipigia simu saa za kazi unisikilizishe mashine ya oksijeni. 'Sikiliza, inapumua.' Mie foleni ya wateja mpaka mlangoni, nasikiliza mashine! Mara ya mwisho lini?"

"Nliona aibu. Nifurahie mashine, na mtu kama weye..."

"Mtu kama mie?"

Himid akaizungusha bisibisi vidoleni.

"Na utani? Ulikuwa ukinambia, 'Tahiya ukiitwa leo unafika kesho.' Miaka miwili hujanitania. Mashine unaitania, mie unaniamkia kama bibi yako!"

"Nikutanie vipi kwa kuchelewa, na mie ndiye nlokuchelewesha?"

Tahiya alitaka kumshika bega, akajizuia.

"Na mie nna makosa yangu. Nlipenda ulivyoninyenyekea. Ukinifungulia mlango, ukinibebea mkoba, nikijiona malkia. Lakini ndoa si wodi, Himid. Nnataka kujua jambo moja tu. Unaniposa mie, au unalipa?"

"Nikikwambia nakupenda, utaamini?"

"Leo, hapana."

"Basi nifanye nini?"

"Barua ya chuo inatakiwa lini?"

"Kesho saa kumi jioni."

"Chagua unachokitaka weye. Kama ni viungo bandia, na iwe kwa sababu unavipenda. Lakini mie nitoe humo. Sitaki kuwa sababu."

Akainuka, akaenda zake. Himid alinyanyuka nusu amfuate, kisha akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwacha atembee peke yake.

Alkhamisi simu ilinyamaza tangu asubuhi. Tahiya alikosea kazi mpaka basi, kitambulisho cha mtu mmoja akakitolea kopi arubaini. Saa tisa na nusu ndipo ujumbe ukaingia:

"Nichapie hii tafadhali. Nnakuja."

*Nimechagua mchepuo wa vifaa tiba. Hapa ninapofanya kazi kitanda cha joto kikiharibika tunangoja kipuri wiki nzima, na mtoto njiti hawezi kungoja wiki. Nataka kujifunza kuvitengeneza vipuri hivyo hapa hapa. Na nikiri pia: hakuna kazi ya mikono yangu inayonifurahisha kuliko kuisikia mashine ikirudi kufanya kazi.*

Tahiya alilitafuta jina lake mstari kwa mstari mpaka mwisho. Halikuwapo. Machozi yakamtoka kwa furaha, wateja wakadhani kafiwa.

Himid akaingia, jasho linamtiririka.

"Umeisoma?"

"Nimeisoma. Simo."

"Humo. Nlijaribu kukutia mara tatu, kila nikikutia inakuwa barua ya msamaha. Nkaona msamaha nikuombe weye, si chuo." Akasogelea meza. "Nisamehe, Tahiya. Kwa siku ile, na kwa miaka miwili ya kukufanya mgonjwa."

"Ya siku ile nshasamehe zamani. Hii ya pili naanza leo."

"Na jambo jengine. Ukikubali posa, bara ntakwenda. Ukikataa, ntakwenda vile vile. Siendi kwa ajili yako. Kwa ajili yako narudi."

Tahiya akampa kalamu. "Tia saini nikuskanie. Zimebaki dakika kumi na mbili."

Ijumaa baada ya sala, wazee wa Himid wamekaa ukumbini na baba yake Tahiya. Bi Mwanamwema akaingia chumbani.

"Haya mwanangu, mara ya mwisho. Leo ukinyamaza tujue ni kimya chenyewe."

"Sinyamazi, shangazi. Mwambie baba nimekubali. Nimesema kwa mdomo wangu."

"Ebo! Mwari anasema mwenyewe!" Lakini kigelegele alichokipiga kilisikika mtaa wa pili.

Haikupita nusu saa, Tahiya yuko kwenye ngazi, simu yake ikalia.

"Naam?"

"Ndoa Ijumaa ijayo saa kumi, inshallah," Himid alisema. Tahiya akamsikia akivuta pumzi. "Sheikh atakuja kukuuliza ridhaa huko huko nyumbani, wala huna pa kwenda. Na nnavyokujua, hata hapo utachelewa."

Tahiya akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, machozi yanamtoka.

"Mningoje," alisema. "Nakuja."