Uzi Mweupe Ndani ya Glasi

Soko la miche lilifurika watu siku walipogongana: yeye, mkaguzi wa mimea, ndani ya gauni la buluu na mabuti ya mpira, na kijana muuza miche ya nyanya, shati jeupe limejaa udongo.

"Dada, unawakanyaga watoto wangu!"

"Umewalaza njiani, kaka. Mama yao yuko wapi?"

"Ndiye ninayemtafuta."

Mkaguzi alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Simu kati yao hazikukatika, mpaka wenzake kazini wakambandika jina la Mama Nyanya.

Mchana mmoja sauti ya kijana ilikuwa ya chini. "Mpenzi, njoo kitaluni. Miche inanyauka, na maji hayakosekani."

Mkaguzi alifika, akakata shina la mche mmoja, akalichovya kwenye glasi ya maji safi. Wakasubiri bega kwa bega. Uzi mweupe kama maziwa ukashuka taratibu kutoka kwenye shina. Ulikuwa mnyauko wa bakteria, ugonjwa usio na dawa. Ukiingia shambani kwa mteja, udongo wake umeharibika kwa miaka mingi.

"Yote ing'olewe."

Kijana alimgeukia. "Nataka kukuoa. Nilipanga kukwambia leo."

Mkaguzi haruhusiwi kukagua kitalu cha mchumba wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyewahi kumwambia kijana hayo, kwa utani. Akikubali, kazi itamsubiri mwenzake aliye safarini, na miche itauzwa yote kabla hajarudi.

"Kumbe unatafuta muda wa kuuza!"

"Kipenzi, sivyo..."

Hakumsikiliza. Aliondoka, akazima simu. Alimpenda mno, na aliogopa kwamba aliyempenda ni tapeli.

Kesho yake alirudi na amri ya kung'oa. Getini alikutana na moshi. Miche yote ilikuwa ikiungua shimoni, na kijana, macho mekundu, alikuwa akisugua visu na mabuti kwa dawa ya kuua vijidudu.

"Ulianza lini?"

"Ulipotoka tu. Sina tena cha kuuza. Sasa nijibu."

Mkaguzi alikagua kwanza kila trei, akainama mpaka chini ya meza, machozi yakimtiririka. Halikubaki hata jani.

"Mwenzangu akirudi kutoka safarini," alisema hatimaye, "yeye ndiye atakayekukagua. Mimi siruhusiwi tena."