Dimbwi la Mwisho la Ruvuma

Du-du-du-du-du.

Mlio ulimfikia Yoeli kabla hajafumbua macho. Mashine. Kubwa. Iko karibu.

Kisha akayasikia maji kifuani.

Alikuwa ameketi. Alisimama kwa kishindo, maji yakabaki mapajani. Giza totoro. Alipapasa: zege mbele, zege nyuma, zege kila upande. Juu, mfuniko wa chuma. Alikuwa ndani ya tangi lililochimbiwa ardhini, na bomba la mpira la inchi sita lilikuwa likimwaga maji bila kupumzika. Kisogo kilimuuma pale mlinzi, Ashiru, alipompiga kwa kitako cha SMG.

Bastola yake ya Beretta haikuwapo. Simu haikuwapo. Lakini wajinga hawakumvua buti.

Alizungusha kisigino cha kulia, akachomoa redio ndogo kama kiberiti, isiyoingia maji, akaiinua hadi kwenye tundu dogo la hewa mfunikoni.

"Masasi, Masasi. Hapa Saba."

"Nakusikia, Saba." Ilikuwa sauti ya Helena, mkuu wake katika kikosi cha kuzuia ujangili, kavu kama kawaida. "Uko wapi?"

"Ndani ya tangi la mradi wa maji. Bondeni, chini ya Newala. Maji yanapanda. Dressler yuko dimbwini na wapiga risasi wawili."

"Viboko?"

"Kumi na wanne. Maji yamebaki ya magotini."

Wote wawili walilijua faili la Dressler. Kwa miezi minane Dressler, mgeni mwenye kampuni ya visima, aliwaambia watu wa Newala kwamba anawapandishia maji mlimani. Hakuna hata tone lililopanda. Visima vyake vitano vilifyonza maji ya ardhini kando ya Ruvuma. Mabwawa yakakauka moja baada ya jingine, samaki wakafia kwenye tope, na viboko wote wakabanana kwenye dimbwi moja. Jioni hii wangenasa matopeni. Risasi kumi na nne. Meno yao yangevuka mpaka ndani ya makasha yaliyoandikwa "vipuri vya pampu".

"Timu iko Newala mjini," Helena alisema. "Dakika hamsini."

"Mimi nina ishirini."

"Yupo mama analima bustani hapo bondeni. Mama Agatha. Mtu wetu. Nampigia sasa hivi."

"Ana silaha?"

"Ana ndoo."

Redio ikakata.

Maji kiunoni. Kifuani. Shingoni. Yoeli alianza kuelea hadi mfuniko ukamgusa utosi. Aliusukuma kwa viganja, kwa mabega, kwa hasira zake zote. Komeo halikutikisika. Hewa ilibaki shubiri moja.

Nife humu? Kama panya?

Ndipo aliposikia hatua za mtu.

"Shikamoo, mama." Ashiru.

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Lupaso. Lakini hapa haparuhusiwi, mama."

"Nitue kwanza. Shingo inanikatika."

"Mama, niko kazini."

"Nimekuomba unitue ndoo, sikukuomba unioe! Huko Lupaso mama yako husimama na mzigo kichwani, wanaume wakimtazama tu?"

Yoeli alishika pumzi. Ndoo ya lita ishirini haituliwi kwa mkono mmoja. Huku, ambako maji hupandishwa mlimani vichwani mwa akina mama, kila mtoto hulijua hilo kabla hajajua kusoma.

Kwaa. Chuma cha SMG kiliegemezwa kwenye zege.

Kisha ndoo nzima ya maji ikamwagika, Ashiru akapiga yowe, na bunduki ikakokiwa.

"Tulia hapo hapo, baba. Marehemu mume wangu alikuwa mgambo, chuma hiki nakijua. Fungua komeo."

Mwanga!

Yoeli alijivuta nje akitweta, akaipiga swichi nyekundu ya mashine kwa ngumi. Mashine ikazima. Bonde zima likanyamaza. Halafu, kutoka dimbwini, kiboko mmoja akakoroma.

Redio ya mkononi ya Ashiru ikaita. "Ashiru! Mashine nini? Kwa nini nyamaza?"

Yoeli akaichukua. "Imechoka, Dressler. Njoo uibembeleze."

Land Cruiser nyeupe ilifika mbio. Dressler akaruka na bastola ya Glock mkononi. Alipolipita tu tangi lililokuwa wazi, Yoeli alimwelekezea bomba alilolichomoa humo, akawasha mashine. Maji yalimpiga kifuani. Glock ikaruka, naye akatumbukia tangini kinyumenyume.

Yoeli alizima mashine, akarudisha mfuniko, akasukuma komeo.

"Usiogope," alisema kwenye tundu la hewa. "Shubiri moja inatosha. Nimeipima mwenyewe."

Vumbi la magari ya timu lilipoonekana likishuka mlimani, wale wapiga risasi wawili kule dimbwini walitupa bunduki, wakaketi wenyewe, mikono kichwani. Yoeli alikamua shati. Akamkabidhi Mama Agatha ndoo yake kwa mikono miwili, akaanza kuondoka.

"Baba!" Mama Agatha alimwita. "Mashine kama hii iko Nanganga, kwenye mto Lukuledi. Bustani ya dada yangu imekauka. Anafunga mizigo ahame."

Yoeli aligeuka.

"Mwambie dada yako afungue mizigo, mama. Kesho saa kama hizi mashine ya Nanganga itakuwa kimya. Nakuahidi mimi, Yoeli."